Pikipiki Inapobebwa

Msikilizaji, ukisimama asubuhi kando ya barabara inayotoka Kisumu kuingia Busia, pale malori yanapoanza kujipanga kuelekea forodhani, utaiona pikipiki imebeba karibu kila kitu kinachoweza kufungwa kamba: godoro, mkungu wa matoke, kreti za soda, mbuzi aliyekunjwa miguu, milango miwili ya chuma pamoja na fundi wake. Ni mara chache utaiona pikipiki yenyewe imebebwa. Na siku ikibebwa, watu hao hao wa mpakani, wanaojua kupakia kila kitu, huonekana kama hawajawahi kupakia chochote.

Mambo huwa yale yale, uwe upande wa Kenya au wa Uganda. Pikipiki ya Boxer imekufa injini, mwenyewe amepatana na mwenye pikapu aifikishe kwa fundi Tororo. Ubao unaazimwa kwenye nyumba inayojengwa jirani na kuegemezwa kwenye bodi. Vijana sita wanajitokeza bila kuitwa. Mmoja anashika usukani, wawili wanashika keria, wa nne yuko kwenye tairi la nyuma, wa tano anashika eksozi na kuiachia upesi kuliko alivyoishika. Wa sita kazi yake ni kupaza sauti. "Harambee!" Pikipiki inapanda kwa kishindo hadi katikati ya ubao, ubao unacheza, unachomoka kwenye bodi, na chombo kinarudi chini huku watu sita wakigombania upande mmoja wa kukimbilia.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Usemi huo ulitungwa baharini, lakini mtu angeweza kuapa kwamba ulitungwa nyuma ya pikapu Busia.

Hilo neno harambee lina heshima yake. Lilikuwa wito wa vibarua wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, hadi Jomo Kenyatta alipolifanya kaulimbiu ya taifa Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Linafaa sana kwa lori lililokwama kwenye matope. Lori lina magurudumu sita au zaidi. Lisukume kutoka pembe yoyote, halianguki. Pikipiki inasimama juu ya mistari miwili myembamba ya mpira, na kila mkono unaoongezwa juu yake ni mkono unaoweza kuiangusha. Anayesukuma kwa bega la kushoto hajui kama mwenzake wa kulia amechoka. Watu hawa hawakupungukiwa nguvu hata kidogo. Kilichowapungukia ni mwinuko uliopimwa.

Inachekesha kidogo, kwa kuwa bodaboda yenyewe ilizaliwa hapa hapa. Katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia walianza kuvusha abiria kwenye kipande cha ardhi kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na kile cha nchi ya pili, wakiinadi safari kwa kuita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Malaba, katika wilaya ya Tororo, walijulikana kwa kazi hiyo hiyo. Pikipiki zilikuja baadaye, na Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008 kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250, Bajaj na TVS za India zikajaa hata kwenye vijia vya ng'ombe. Leo jina lililotoka Busia linatamkwa Juba na Dar es Salaam na watu wasiojua limetoka wapi.

Wapo pia wa mpakani wanaojua mwinuko kuliko mwendesha bodaboda yeyote. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu wamefanya biashara ya kuvusha bidhaa Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, kiti kikiwa mbele na mzigo nyuma, wasaidizi wakisukuma. Mtu wa namna hiyo akiona kilima hatafuti watu zaidi. Anatafuta njia inayozunguka, yenye mwinuko mdogo, hata ikiwa ndefu. Mafundi wa kupakia pikipiki wangejifunza kwake bure.

Tuhesabu basi, kwa sababu hesabu yake si ngumu. Chukua bodi ya pikapu iliyo sentimita 80 kutoka ardhini. Ukiegemeza ubao wa mita 2, kila mita inapanda sentimita 40, na anayesukuma anapambana na asilimia 40 ya uzito wa chombo. Boxer ya cc 150 ina kilo 120 hivi. Asilimia 40 yake ni kilo 48, karibu mfuko mmoja wa saruji ya Tororo, tena unaobebwa kwa mikono iliyonyooshwa mbele huku mtu akitembea kinyumenyume au kiubavu. Sasa ubao uwe wa mita 4. Mwinuko unashuka hadi asilimia 20, na mzigo unakuwa kilo 24, nusu mfuko. Kijana mmoja anaumudu, wa pili akisimama upande wa pili kwa tahadhari tu.

Na hiyo ni Boxer. Barabara ya Nairobi kwenda Kampala hupitiwa na wasafiri wenye pikipiki za namna nyingine kabisa. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman, katika safari yao kutoka Scotland hadi Cape Town, walipita Kenya na Uganda juu ya BMW R 1200 GS Adventure, chombo kinachozidi kilo 250 tangi likijaa, kabla ya kuweka masanduku ya mizigo pembeni. Pikipiki kama hiyo ikiharibika, kwenye ubao wa mita 2 inamtaka mtu asukume kilo 100, mifuko miwili. Kwenye ubao wa mita 4 inarudi kuwa mfuko mmoja. Chuma ni kile kile, pikapu ni ile ile, na tofauti yote imetoka kwenye ubao.

Ubao mrefu una dosari yake: unapinda katikati. Unene wake usipungue inchi 2, na kreti ya soda iliyogeuzwa au jiwe pana chini ya katikati ya ubao huondoa wasiwasi. Mvua ikiwa imenyesha, gunia tupu likitandazwa na kupigiliwa misumari pembeni hushika tairi vizuri kuliko ubao uliolowa. Na kabla ya yote hayo, kichwa cha ubao kifungwe kwenye bodi kwa kamba. Kosa hili ndilo linaloangusha wengi. Tairi la nyuma likisukumwa na injini, lenyewe linausukuma ubao kurudi nyuma, na ubao usiofungwa hauna sababu ya kukataa.

Wasio na mbao ndefu wana mtaro. Dereva mzoefu wa lori hahangaiki na mbao: anarudisha gari lake kinyumenyume hadi matairi ya nyuma yashuke kwenye mtaro wa kando ya barabara, au anasogeza mkia wa gari kwenye ukingo wa udongo mpaka bodi na ardhi vikaribie kulingana. Mtaro wenye kina cha sentimita 30 tu unaigeuza bodi ya sentimita 80 kuwa ya 50, na hapo ubao wa mita mbili na nusu unatoa mwinuko ule ule wa asilimia 20. Gari liwe kwenye gia, breki ya mkono imevutwa, utingo ameweka jiwe mbele ya tairi na jingine nyuma.

Reli ililijua jambo hili zamani. Njia inayopita Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na tawi lake la kwenda Mbale na Soroti lilisafirisha pamba kwa miongo. Jukwaa la kupakilia mizigo kwenye stesheni hujengwa kwa kimo cha sakafu ya behewa. Mzigo haunyanyuliwi, unasogezwa. Mtu aliyekuwa na pikipiki katika siku hizo aliisukuma hadi ndani ya behewa kama anayeiingiza sebuleni.

Tuje kwenye mikono, maana hapa ndipo penye siri ambayo waendeshaji wengi, hata wa miaka kumi barabarani, hawajaitumia.

Kwanza, mtu hapandi ubao akiwa ameketi juu ya pikipiki. Miguu yake haitafika chini akikwama katikati, na kutoka kimo cha bodi hadi barabarani ni mbali kwa mtu aliyekumbatia kilo 120 za chuma. Anatembea pembeni, upande wa kushoto, kwa kuwa eksozi ya Boxer iko kulia na stendi ya pembeni iko kushoto. Kama ana ubao wa pili wa kukanyaga mwenyewe, sambamba na ule wa pikipiki, ni bora zaidi. Wanaoruka kutoka ardhini hadi kwenye bodi huku wameshika usukani ndio wanaoivuta pikipiki iwaangukie.

Injini ikiwa nzima, wengi huiwasha ili ijipandishe yenyewe kwa gia ya kwanza. Inawezekana, na wanaojua hufanya hivyo kila siku. Ila kuna mtego. Mkono wa kulia umeshika resi. Pikipiki ikitangulia hatua moja na mwenyewe akabaki nyuma, mkono wake unanyooka, kiganja kinajisokota, na resi inafunguka bila yeye kukusudia. Pikipiki inaruka, yeye anaburutwa, anashika kwa nguvu zaidi asiachwe, na kwa kushika huko anazidi kuifungua. Mwisho wake huwa kwenye kioo cha nyuma cha pikapu. Anayewasha injini afanye kazi yote kwa klachi, resi iwe ndogo isiyobadilika, na vidole vya kushoto viwe tayari kuivuta klachi wakati wowote.

Injini ikiwa imekufa, jambo huwa salama zaidi kuliko watu wanavyodhani. Pikipiki ikikwama katikati ya mwinuko, silika ya kila mtu ni kubana breki ya mkono wa kulia, yaani breki ya mbele. Lakini pikipiki inayotazama juu imeegemeza uzito wake nyuma. Tairi la mbele limebaki jepesi, linateleza hata likiwa limefungwa kabisa. Breki ya nyuma iko mguuni, na anayetembea pembeni hawezi kuifikia. Dawa ni hii: weka gia ya kwanza, kisha utumie klachi kama breki. Ukiivuta, pikipiki inaviringika. Ukiiachia, injini inalishika tairi la nyuma na chombo kinasimama pale pale. Mtu mmoja anaweza kupanda hatua mbili, akaachia klachi, akapumua, akafuta jasho, akajibu simu akitaka, kisha akaendelea. Wale vijana sita hawakuwa na nafasi ya kupumua.

Sharti moja: cheni iwe nzima. Cheni ikikatika, injini haina la kulishikia tairi, na hapo anahitajika mtu wa pili mwenye jiwe au kipande cha gogo, anayefuata tairi la nyuma kwa kila hatua na kuliwekea kizuizi.

Trela lina mambo yake. Lina faida ya kuwa chini, mara nyingi sentimita 50 au 60, lakini lisipofungwa kwenye gari linakuwa mzani. Pikipiki ikikanyaga mkia wake, pua inanyanyuka, na kilichokuwa mwinuko mdogo kinageuka kuwa mtego wa panya. Kwa hiyo trela hufungwa kwenye gari kwanza, ndipo pikipiki ipande. Ikishapanda, isogezwe mbele kidogo ya ekseli. Uzito ukibaki nyuma, trela huanza kuchezesha mkia barabarani, mwanzoni polepole, halafu kwa nguvu, na dereva anayebana breki kwa hofu anaongeza balaa. Anayetoka Busia kwenda Tororo na lori refu likampita kwa kasi ataijua tofauti hiyo ndani ya sekunde mbili.

Kufunga ndiko kunakopuuzwa kuliko vyote. Vipande vya tyubu vya kufungia mizigo, ambavyo kila bodaboda anavyo, ni hodari kwa godoro na kwa kreti. Kwa pikipiki iliyobebwa havifai. Mpira unavutika, kila shimo linaipa pikipiki nafasi ya kuinama, na kila kuinama kunaulegeza mpira zaidi. Kinachotakiwa ni mikanda yenye racheti, ile wanayotumia madereva wa malori marefu, au kamba isiyovutika. Miwili inatoka juu ya miguu ya mbele, karibu na shingo ya usukani, ikishuka mbele na pembeni kulia na kushoto, mpaka springi za mbele zibonyee nusu hivi. Zisibonyezwe hadi mwisho, sili za mafuta zitapasuka. Miwili mingine inazuia mkia usihame. Mkanda usifungwe kwenye ncha za usukani, kwa sababu usukani unageuka. Wala usipitishwe juu ya kiti, kwa sababu sifongo hulegea kama tyubu. Na pikipiki isimame wima kwa mikanda yake. Anayeiacha ilale kwenye stendi ya pembeni halafu akaikaza juu yake anakunja stendi, na wakati mwingine fremu pia.

Koki ya petroli ifungwe. Pikipiki inayotikiswa kilomita nyingi humwaga petroli taratibu kupitia kabureta, na kwenye bodi ya pikapu hakosekani mtu aliyepewa lifti, na sigara yake mkononi.

Anayevuka mpaka ana jambo moja zaidi la kukumbuka. Tangu Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, tarehe 24 Februari 2018, msafiri anakaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Pikipiki iliyobebwa inakaguliwa kama ile inayotembea: karatasi za umiliki, bima, namba ya injini, namba ya chesisi. Kwa pikipiki nyingi namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, pale pale mikanda ya mbele inapopita. Mwenye akili huifunga mikanda yake namba ikiwa wazi. Asiyefanya hivyo hulazimika kufungua kila kitu mbele ya foleni ya malori, na foleni ya malori Busia haina subira.

Kushusha kuna hatari zaidi kuliko kupandisha, ingawa hakuna anayeogopa kushusha. Wakati wa kupandisha, uzito wenyewe unampinga mtu asiende haraka. Wakati wa kushusha, uzito unamtuma. Watu wamechoka, giza limeanza, fundi anataka kufunga duka, na ubao mrefu uliotumika asubuhi umebaki Busia. Pikipiki hushushwa kinyumenyume, ikitazama ndani ya bodi, gia ya kwanza, injini imezimwa, klachi ile ile ikivutwa na kuachiwa hatua kwa hatua. Msaidizi asimame ubavuni. Nyuma asisimame mtu, hata wa kutoa maelekezo. Kama ubao haupo, gari litafutiwe mtaro tena, hata ikibidi kwenda mita mia tatu mbele ya duka la fundi.

Sasa neno kwa wenye mamlaka za pande zote mbili, Busia na Tororo. Vibanda vya kujikinga na jua vimejengwa kwenye vituo vingi vya bodaboda, na waendeshaji wanashukuru. Karibu na kibanda kimoja kwa kila mji kungewekwa tuta la kupakilia: udongo ulioshindiliwa, mawe pembeni, kimo cha sentimita 80, mteremko wa mita 4 kwa upande mmoja, na upande wa pili umekatwa wima ili pikapu irudishe mkia wake hapo. Hakuna saruji nyingi inayohitajika wala mkandarasi kutoka mbali. Vijana sita wenye majembe na mikokoteni wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku chache, na vijana sita, msikilizaji, tayari wapo pale pale wamesimama.